Kura 14 na Vyama Vidogo Vyenye Nidhamu ya Ajabu

Kwako Mshauri,

Salaam. Nafundisha Historia na Serikali katika shule ya upili karibu na Ahero, na wikendi nasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa. Mada yangu ni jinsi wabunge wa Nyanza na Magharibi wanavyopiga kura Bungeni. Natamani kuendelea hadi uzamifu na hatimaye nifundishe chuo kikuu, lakini nimekwama mahali panne.

Kwanza, nimekusanya kutoka magazetini kura 14 za Bunge la Kitaifa tangu 2016. Nilipopiga hesabu ya umoja wa kila chama kwa kipimo cha Rice, nilikuta vyama vidogo vya watu watatu wanne vina nidhamu kuliko vyama vikubwa vya ODM na UDA. Msimamizi wangu anasema matokeo hayo hayaaminiki na kura ni chache, ila hakunieleza kosa liko wapi. Mhadhiri mwingine amenishauri nitumie NOMINATE, mbinu ya kuwapanga wabunge kwa kura zao, kama wanavyofanya Wamarekani.

Pili, niliomba Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, za bunge la kaunti moja huku kwetu ili niongeze data. Huu ni mwezi wa tano. Kila nikienda naambiwa bado zinahaririwa, nirudi wiki ijayo.

Tatu, mjomba wangu ni mwakilishi wadi katika bunge hilohilo. Yuko tayari kunipa karatasi alizo nazo na kunikutanisha na wenzake. Nikubali?

Nne, mama watoto anauliza kama kuhesabu kura za waheshimiwa kutawahi kulipa karo ya mtu, au nisomee tu usimamizi wa elimu kama walimu wenzangu. Je, nikipata nafasi ya uzamifu niache kazi ya TSC, tume inayoajiri walimu?

Wako,
Mwalimu, Ahero

*

Mwalimu,

Nianze na hivyo vyama vyako vidogo, maana hapo kosa linaonekana kwa macho. Kipimo ulichotumia kilibuniwa na Stuart Rice miaka ya 1920. Unachukua asilimia ya wanachama waliosema ndiyo, unatoa asilimia ya waliosema la, tofauti ndiyo alama ya chama. Wabunge 20 wakigawanyika 15 kwa 5, ni 75 toa 25, alama 50. Hesabu ya kalamu na karatasi, ndiyo maana inapendwa.

Sasa chukua chama cha wabunge 3, kila mmoja anarusha sarafu kabla ya kupiga kura. Nidhamu hapo ni sifuri. Sarafu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 8. Namna 2 zitawaweka wote upande mmoja, alama 100. Namna 6 zilizobaki zitawagawa 2 kwa 1, alama 33. Wastani wake ni 50. Chama cha wabunge 30 wanaorusha sarafu vivyo hivyo kitapata wastani wa karibu 14. Maana yake chama kidogo kimepewa alama 36 za bure kabla mtu hajafungua mdomo. Ulichopima ni udogo wa chama. Msimamizi wako alikuwa na haki ya kutilia shaka, ingawa alipaswa kukuonyesha.

Dawa ni mbili. Andika alama ya kila chama kando ya alama ambayo sarafu ingekipa chama chenye idadi hiyo ya waliopiga kura siku hiyo, kisha ujadili tofauti kati ya hizo mbili. Na chama chenye wapigaji kura chini ya 5 kisihesabiwe peke yake kabisa. Kiweke ndani ya muungano wake.

Tatizo zito ni jingine, na hilo ndilo litakalobeba tasnifu yako au kuizamisha. Hujajiuliza hizo kura 14 zilifikaje kuhesabiwa.

Bungeni mambo mengi huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, upande mmoja unaitikia ndiyo, mwingine la, naye anatangaza sikio lake limesikia nini. Hakuna jina linaloandikwa. Majina hupatikana pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai mgawanyiko, au pale Katiba inapotaka idadi maalumu kiasi kwamba sauti haitoshi. Hapo kengele hulia, milango hufungwa, kila mmoja akahesabiwa. Kwa hiyo kura zako 14 ni zile ambazo mtu fulani alitaka zihesabiwe. Huwezi kuzitumia kueleza tabia ya kawaida ya mbunge, sawa na vile huwezi kueleza samaki wote wa Ziwa Victoria kwa kutazama waliopandishwa mizani pale Dunga. Waliopenya wavu hawamo kwenye mizani.

Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Geuza swali. Badala ya kuuliza mbunge wa Magharibi hupiga kura vipi, uliza ni lini kura huhesabiwa, nani anadai zihesabiwe, na nani hayupo kengele inapolia. Hilo linajibika kwa data uliyo nayo, na kwa Kenya lina uzito kuliko lile la kwanza.

Tazama kanuni ya jinsia, ile inayotaka wabunge wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Kubadilisha Katiba kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, wawe ukumbini au wawe kwenye harusi. Aprili 2016 mswada wa kutekeleza kanuni hiyo ulipata ndiyo 195 na la 28. Uliporudishwa Mei, ndiyo zilishuka hadi 178 na la zikawa 16. Soma tarakimu hizo polepole. Ili kuuangusha kwa kura za la tu wakati ukumbi umejaa, wapinzani wangehitaji watu 117. Walikuwa 28, kisha 16. Mswada uliuawa na wasiokuwapo. Februari 27, 2019, mswada mwingine wa aina hiyo ulipofika, ukumbini walikuwamo 174 tu. Ukafa bila mtu kulazimika kusema la mbele ya kamera. Ukiandika jedwali lenye safu mbili, ndiyo na la, tukio muhimu kuliko yote katika historia hiyo linapotea kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo asiyekuwapo asiachwe kisanduku kitupu. Mpe mojawapo ya alama nne: alikuwapo akajizuia rasmi; alikuwapo siku hiyo lakini hakupiga kura; hakuwapo, na sababu inajulikana; hakuwapo, na sababu haijulikani. Kiti kilicho wazi kwa kifo au kesi ya uchaguzi kina alama yake ya tano na hakiingii kwenye hesabu ya mtu. Ya pili ndiyo dhahabu, na ndiyo ngumu. Utaipata kwa kusoma Hansadi ya siku nzima, si ukurasa wa kura peke yake: mbunge aliyechangia mjadala saa tisa kisha jina lake halimo kwenye orodha ya saa kumi na moja hakuzuiwa na barabara ya Mau Summit. Sababu zinazojulikana utazikuta katika rekodi za ziara za kamati na ruhusa za Spika. Ruhusa hizo huandikwa kwa sababu Kifungu cha 103 cha Katiba kinamweka hatarini mbunge anayekosa vikao 8 katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi.

Mfano wa kujifunzia ni Mswada wa Fedha wa 2024, kwa kuwa una kura mbili ndani ya siku chache. Juni 20, uliposomwa mara ya pili, ilikuwa 204 kwa 115. Juni 25, mara ya tatu, 195 kwa 106. Gazeti lilikuambia serikali ilishinda mara mbili. Wewe utaona kwamba kila upande ulipungukiwa na kura 9. Je, ni watu 9 walewale waliotoweka kila upande, au wapo waliohama huku wengine wakirudi? Jumla haikuambii. Majina ndiyo yanayokuambia, kwa hiyo rudi kwenye orodha zote mbili, zilinganishe jina kwa jina, halafu uchore jedwali la kuhama: ndiyo hadi ndiyo, ndiyo hadi hayupo, la hadi hayupo, na kuendelea. Kwa majina 349 hiyo ni kazi ya wikendi moja. Ifanye kabla ya kumwona msimamizi tena.

Na acha magazeti. Gazeti likishachapisha orodha ya majina halirudi kusahihisha. Chanzo chako ni Hansadi na ile kumbukumbu fupi ya kura na shughuli za kila kikao, zote ziko katika tovuti ya Bunge. Zikipingana, na zitapingana, andika zote mbili na useme umefuata ipi.

Sasa umbo la jedwali, maana wanafunzi wengi huanza vibaya hapa na kulia baadaye. Tengeneza majedwali matatu yanayojitegemea. La kwanza la wabunge: kila mtu na namba yake ya kudumu. Namba ni ya mtu, si ya eneobunge, kwa kuwa uchaguzi mdogo hubadilisha mtu katikati ya kipindi. Usitegemee jina, Hansadi moja itamwandika kwa majina matatu, nyingine mawili, na majina ya kwetu yanafanana mno. La pili la kura: tarehe, hoja, hatua ya mswada, kiwango kinachohitajika, nani alidai mgawanyiko. La tatu linaunganisha: mstari mmoja kwa mbunge mmoja kwa kura moja. Nyanza na Magharibi kuna maeneobunge 75, yaani 42 katika kaunti sita za Nyanza na 33 katika kaunti nne za Magharibi. Ongeza wawakilishi wanawake 10, unapata viti 85. Mara kura 14 ni mistari 1,190. Huhitaji kompyuta ya ajabu.

Chama kiandikwe kwenye jedwali la tatu, si la kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu ya eneo lako hasa. Juni 2024 ODM ilikuwa upande wa kupinga Mswada wa Fedha. Julai vigogo wake wakateuliwa katika baraza la mawaziri. Oktoba 8, hoja ya kumwondoa naibu rais ilipita kwa 281 dhidi ya 44, mmoja akijizuia, na wengi wa ODM walikuwa upande mmoja na UDA. Nako Magharibi, chama cha ANC kilitangaza mwaka 2025 kwamba kinajivunja ili kuungana na UDA. Mtafiti aliyeandika "upinzani" mara moja tu mbele ya jina la mbunge wa Nyando, kwa kufuata uchaguzi wa 2022, atahitimisha kwamba mheshimiwa alimsaliti kiongozi wake. Kumbe kiongozi ndiye aliyehama naye akamfuata. Kila mstari uwe na safu mbili: chama kilichompa tiketi, na upande wa chama hicho siku ya kura.

Ukimaliza kuandika, chukua asilimia 10 ya mistari kwa bahati nasibu umpe mtu mwingine aiandike upya bila kuona yako. Linganisha. Kwa ndiyo na la mtafanana karibu kabisa. Kwa zile alama nne za kutokuwapo mtapishana, na hapo ndipo utagundua maelekezo yako yalikuwa na shimo. Toa kappa ya Cohen, kipimo cha mnavyokubaliana kupita bahati, kwa safu hiyo peke yake. Ikiwa chini ya 0.7, rekebisha maelekezo na urudie, usilazimishe.

Kuhusu NOMINATE, huyo mhadhiri amekutuma sokoni na sarafu isiyotumika hapo. Keith Poole na Howard Rosenthal waliitengeneza miaka ya 1980 kwa ajili ya Kongresi ya Marekani, ambako kura za majina hufika mamia katika kipindi kimoja. Inachora wabunge kwenye mstari kwa kutazama ni nani huwa na nani mara nyingi. Ukiiendesha ndani ya R, programu ya takwimu, kwa nyongeza yake iitwayo wnominate, bila kubadilisha mipangilio yake, humtupa nje mbunge yeyote mwenye kura chini ya 20, na hutupa kura yoyote ambayo upande mdogo haukufika asilimia 2.5. Wewe una kura 14. Itawatupa wote 349 na kukurudishia ukumbi mtupu. Ukishusha kiwango ili ikubali, itakupa picha, na picha hiyo itakuwa serikali kushoto na upinzani kulia, jambo ambalo hata makanga wa Kondele angekuambia bure. Kwa data yako tumia rigresheni ya lojistiki, hesabu ya uwezekano wa jambo lenye majibu mawili tu: matokeo ni kuwapo au kutokuwapo, kisha ndiyo au la miongoni mwa waliokuwapo. Makosa ya makadirio yakusanye kwa mbunge, kwa kuwa mistari 1,190 ya viti 85 si ushahidi wa watu 1,190. R ni ya bure. Usinunue programu ya wizi pale River Road.

Seneti iache nje. Kwa mambo yanayohusu kaunti, Kifungu cha 123 kinaipa kila kaunti kura moja, 47 kwa jumla, na kiongozi wa ujumbe ndiye anayeipiga. Seneta mteule anaweza kuhutubia kutwa nzima na bado jina lake lisionekane kwenye hesabu.

Data ya kaunti ni wazo zuri, na nikikuangalia naona ndiyo itakayokupa kazi siku moja, kwa sababu wachache wameigusa. Mabunge ya kaunti yana sababu zao za kuwa ya kuvutia. Oktoba 2024 Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura kumwondoa gavana, wawakilishi 31 kati ya 47 wakaunga mkono. Thuluthi mbili ya 47 ni 31.33. Seneti ikakataa kuisikiliza kesi yenyewe, ikisema kiwango ni 32. Ukitumia amri ya kawaida ya kukadiria kwenye jedwali lako, kompyuta itaandika 31 na hoja itaonekana imepita. Tumia ile inayopandisha juu siku zote. Utaulizwa hilo kwenye utetezi wa tasnifu, nakuhakikishia.

Acha kwenda ofisini kuuliza. Andika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, kutoka kwa raia, na si lazima utoe sababu. Mwandikie Karani wa bunge hilo, ndiye msimamizi wa kumbukumbu. Mhariri wa Hansadi hana mamlaka ya kukupa wala kukunyima. Taja vikao kwa tarehe. Ukiomba "Hansadi zote tangu 2013" umewapa kisingizio. Omba kumbukumbu za kura na shughuli za miezi mitatu ya kwanza, halafu ile inayofuata. Hizo ni fupi, zina matokeo ya kila hoja, na hakuna cha kuhariri ndani yake kwa miezi mitano. Sema utazipokea kwa barua pepe, na kama ni nakala za karatasi utalipia kudurufu; kuwasilisha ombi lenyewe hakutozwi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokea na tarehe. Kuanzia siku hiyo wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Mara nyingi barua yenye muhuri hutosha, maana karani anajua nakala ya pili iko wapi.

Kama wewe ndiwe wa kuchagua, chagua mabunge mawili badala ya moja. Kisumu ina wadi 35, Vihiga 25, Siaya 30, Kakamega 60, mbali na wateule. Moja dogo na moja kubwa hukupa kitu cha kulinganisha. Mabunge haya huzungumza Kiingereza na Kiswahili kwa pumzi moja, kwa hiyo ukifikiria kuhesabu maneno ya hotuba kwa programu, jua kwamba nusu ya hoja kali zitakuwa katika lugha ambayo programu hiyo haikufunzwa.

Mjomba wako, basi. Ampishe mtafiti. Karatasi zake usizichukue: hata zikiwa halali, msomaji atauliza kwa nini nyaraka za umma zilipitia sebuleni kwa mwanachama, na huwezi kumjibu. Tena mwakilishi hutunza karatasi za siku alizong'ara. Utambulisho kwa wenzake ni jambo tofauti kidogo, lakini watakaokubali kukaa nawe kwa ajili yake ni marafiki zake, na mahasimu wake watakufungia mlango wakijua wewe ni mpwa wa nani. Njia safi ni kufanya mahojiano katika bunge lingine, na hilo la mjomba ulitumie kwa kumbukumbu zilizoandikwa tu. Uhusiano wenu uutaje kwenye sura ya mbinu, sentensi moja inatosha. Mwambie mwenyewe mapema, kwa heshima yake, asije akadhani umemdharau.

Kabla ya mahojiano yoyote upate kibali cha kamati ya maadili ya chuo, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, kisha upite kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kujitambulisha. Kwa mpangilio huo, kwa sababu NACOSTI hudai barua ya maadili kwanza. Wabunge wa kitaifa huketi Jumanne hadi Alhamisi, kwa hiyo wa huku watafute Ijumaa au Jumatatu katika ofisi ya eneobunge. Jumamosi wako matangani. Mtu hahojiwi kaburini. Usimuulize "kwa nini ulipiga kura hivyo", atakupa hotuba. Uliza alijua lini kwamba kengele italia, nani alimpigia simu, na alikuwa wapi. Anza na makarani wa kamati na wale walioanguka uchaguzi wa 2022. Hawana tiketi ya kulinda, na wanakumbuka vizuri kuliko unavyofikiria.

Kuhusu riziki sitakupamba. Ukitaka mshahara mkubwa ndani ya miaka mitano, usimamizi wa elimu utakupandisha cheo shuleni upesi kuliko njia hii, na mama watoto ana haki ya kulijua hilo. Uhadhiri kamili unahitaji uzamifu. Ukiwa na uzamili na umejiandikisha kwa uzamifu unaweza kupata nafasi ya ukufunzi, lakini nafasi ni chache. Kufundisha kwa mkataba wa muda hulipwa kwa somo, na malipo huchelewa hata muhula mzima au zaidi. Usiache TSC kwa ajili hiyo. Omba likizo ya masomo, yenye malipo au isiyo na malipo, na barua ya kujiuzulu isionekane mezani mpaka uwe na ufadhili ulioandikwa.

Uzamifu nao usiulipie kutoka mfukoni ukiweza kuepuka. Vyuo vingi vya utafiti vya Marekani huwapa wanafunzi wa uzamifu wa sayansi ya siasa karo na posho kwa takriban miaka 5. Maombi hufungwa kati ya Desemba na Januari. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wasomi, lina ufadhili wa kusomea humuhumu Afrika Mashariki. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, na warsha za Afrika za chama cha wanasayansi wa siasa wa Marekani huchukua watafiti chipukizi. Wote hao watakuuliza kitu kimoja: una data gani ambayo mwingine hana? Ndiyo maana nimekushikilia na lile jedwali. Mtu mwenye kura za mabunge mawili ya kaunti, zikiwa na asiyekuwapo ameandikwa alikuwa wapi, hahitaji kujieleza sana.

Kuna mlango wa tatu ambao wahadhiri huusahau. Bunge la Kitaifa, Seneti na mabunge yote 47 ya kaunti huajiri maafisa wa utafiti na makarani wasaidizi, kwa masharti ya kudumu au ya mkataba. Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi za wabunge, pia hufanya kazi ya aina hii. Ujuzi ni uleule. Ila ukishaajiriwa na bunge huwezi tena kuchapisha kwa uhuru juu ya waheshimiwa wanaopitisha bajeti yako, kwa hiyo makala zako za kwanza zitoke kabla. Na ukipokea barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku 5 kwa ada, ifute.

Mswada wa Fedha huwasilishwa Bungeni kila mwaka kufikia Aprili 30, na huwa lazima umalizwe kabla ya Juni 30. Ni mswada uleule kwa jina, kila mwaka, wabunge walewale kwa miaka mitano, wakati mwingine kwa sauti na wakati mwingine kwa kengele. Ongeza yote tangu 2013 kwenye lile jedwali lako la pili, hata iliyopita kwa sauti, na kwenye safu ya majina uandike "hayakuchukuliwa". Uwe na la mwaka ujao tayari, majina yote yameshaandikwa na safu ya kura iko tupu, kabla ya wiki ya pili ya Juni.

Mshauri